Mlio wa Kijiko

Alikuja ndani ya kopo la maziwa ya unga,
ndiyo maana tukamwita Kopo,
na jina likabaki hata beseni la kufulia lilipomshinda,
hata alipohamia bafuni kwetu, ghorofa ya tano,
Michenzani, upande ambao maji hupanda usiku tu,
tena kwa kununa.

Muzne alimwokota Matemwe, siku ya harusi ya binamu yake.
Wenziwe washaingia baharini, yeye kakwama kwenye tundu la kaa,
kasa si mkubwa kuliko kitumbua.
"Mama, nimlee siku mbili tu."
Siku mbili zile zina miaka mitatu na miezi.

Tumeoga kwa kumtaka radhi.
Mgeni akitoka msalani kapauka, "Mna nini mle?"
Haroub hujibu, "Mpangaji. Halipi kodi."
Chumvi ya mawe naipima kwa kibaba,
dagaa nawakata kwa mkasi,
na kabla sijamlisha nagonga kijiko ukingoni,
ti, ti, ti,
kichwa kinainuka
kama cha mtoto aliyesikia jina lake.

Basi kilichobadilika nini?
Labda gamba, lilipoanza kuota utando mweupe.
Labda ukuta: kila asubuhi namkuta kauelekea uleule,
kaikwangua rangi mpaka saruji imetoka.
Mama mkwe akasema, "Anaswali huyo."
Kibla si huko, mama.
Huko, nyuma ya maduka na mapaa yote yale,
ni maji.

"Kiumbe si kiti," akasema Haroub, "ukiweke pale unapotaka wewe."
Rahisi kwake. Hakumkatia dagaa.
Hajui wavu, nikamwambia, hajui papa,
hajui rafadha ya boti,
hajui hata njaa, maana sijamwachia aijue.
Nilimtilia changu mdogo, mzima, ajifunze kuwinda.
Wakakaa wiki nzima
kama wake wenza waliopatana.

Bwana wa uvuvi akapanda ngazi zetu akihema,
akamtazama, akaandika, akafuta, akaandika.
"Kumfuga ni kosa.
Na kumtupa tu baharini hivi alivyo, kosa jingine."
Maji ya bahari yenyewe, akasema. Gamba lipone kwanza.
Mikono mipunguzeni.
"Na msizungumze naye."
Hapo ndipo Muzne alipolia.

Mwezi na nusu tuliipandisha bahari kwa madumu,
lita ishirini, ngazi tisini na mbili,
majirani wakiuliza kama tumefungua kiwanda cha chumvi.
Kijiko nikakificha kabatini, chini ya vitambaa vya Idi.
Siku ya tisa changu hakuonekana.
Nilifurahi, na nikamwonea huruma changu,
na nikajiona mtu wa ajabu.

Tulimshusha Kizingo alfajiri, kalazwa kwenye gunia bichi,
yule bwana mbele, karatasi yake mfukoni.
Aliingia bila kugeuka.
Nilitaka ageuke.
Nikaona haya kulitaka hilo.

Ndipo akapita muuza kahawa, dele mkono mmoja,
vikombe mkono wa pili,
ti, ti, ti,
na kule mbele, penye mwani,
kichwa kikainuka.

Muzne akanitazama. Hakusema.
Maji yalikuwa yashanifika magotini, sikumbuki nilivyoingia.
Kumwita ningeweza. Jina lilikuwa mdomoni, zima.
"Kaka," nikamwambia muuza kahawa, "nakuomba kwa Mungu,
vishike vikombe vyako."
Akavishika, wala hakuuliza.

Kichwa kikangoja.
Nilihesabu mpaka kumi na saba.
Kikazama.

Bafu letu sasa, tunaoga tunavyotaka,
na ule ukuta bado hatujaupaka rangi.
Chai naikoroga taratibu, kijiko kisiguse gilasi.
Haroub anasema mimi mjinga,
toka hapa mpaka Kizingo ni mbali.
Ni mbali, ndiyo.